Boksi la usukani kwenye Land Cruiser 70: limekufa kweli, au linasingiziwa?

Land Cruiser ikianza kuyumba barabarani, kitu cha kwanza kulaumiwa ni boksi la usukani, na mara nyingi halina kosa. Tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo za usukani) zilizolegea, bushi zilizokwisha, krosi (kiungo cha kukunja) ya shafti iliyoshikwa na kutu au oili iliyopungua huleta dalili zilezile. Mtu ananunua boksi kwa pesa nyingi, anashinda chini ya gari tangu asubuhi, na jioni usukani bado unacheza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kutafuta ugonjwa. Kufungua na kufunga kutafuata.

Gari linalozungumziwa ni HZJ75 yenye springi za bapa mbele, pamoja na HZJ78 na HZJ79 zilizotoka mwaka 1999 zikiwa na koili mbele. Mengi yatakufaa pia kwenye Nissan Patrol, Suzuki Jimny na Prado za zamani zenye ekseli nzima mbele. Magari yenye raki, yaani fimbo ya meno badala ya boksi, yana habari yake tofauti.

Ndani ya boksi

Kuna shafti yenye mikato ya skrubu, na juu yake hutembea nati nzito iliyojaa golori. Nati hiyo ina meno ubavuni. Meno hayo husukuma meno ya shafti ya chini, na shafti ya chini ndiyo inayobeba mkono wa Pitman, ule unaosukuma fimbo za kugeuza magurudumu. Shafti ya juu, ile inayotoka kwenye usukani, haikuungwa moja kwa moja na skrubu. Kati yao kuna kifimbo chembamba cha chuma ambacho hujisokota kidogo unapozungusha usukani, na msokoto huo hufungua vali inayopeleka oili yenye nguvu upande unaohitajika.

Shika mambo mawili kutoka hapo. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, usukani utasogea kidogo kwa ulaini kabla ya magurudumu kuanza kugeuka. Huo ni msokoto wa kifimbo, si ugonjwa, kwa hiyo plei (mchezo wa usukani kabla magurudumu hayajafuata) hupimwa injini ikiwaka. Pili, meno yametengenezwa yabanane zaidi katikati, gari linapokwenda moja kwa moja, na yalegee kidogo kuelekea mwisho wa kona. Gari huenda moja kwa moja muda mwingi kuliko linavyokata kona, basi meno huanza kulika pale pale katikati. Boksi lililochoka kweli lina plei iliyozidi katikati kuliko kwenye kona.

Usukani una plei, gari linayumba

Simamisha gari sehemu ngumu iliyosawazika, magurudumu yanyooke, weka vizuizi nyuma, vuta breki ya mkono, gia iwe huru, injini iwake. Shika rula pembeni ya usukani na usogeze usukani kushoto na kulia mpaka uone gurudumu la mbele linaanza kutikisika. Plei ikizidi milimita 40 kwenye ukingo wa usukani, kuna kitu kimekwisha. Bado hujajua ni kipi.

Sasa mtafute msaidizi akae ndani atikise usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kupumzika. Wewe ingia chini, magurudumu yakiwa yamekanyaga chini. Usiinue gari kwa jeki katika hatua hii, kwa sababu uzito wa gari ndio unaofanya kilicholegea kijionyeshe. Weka vidole juu ya kila kiungo kwa zamu, ukianzia juu kushuka. Kidole huhisi mgongano mdogo ambao jicho halioni.

Anza na krosi za shafti inayoshuka kutoka ndani ya gari. Upande wa juu wa krosi ukisogea kabla ya upande wa chini, plei iko hapo, na krosi au shafti hiyo ni rahisi kuliko boksi. Endelea: tazama shafti inayoingia kwenye boksi na mkono wa Pitman kwa wakati mmoja. Shafti ikizunguka na mkono ukachelewa kufuata, boksi ndilo lenye kosa, au nati ya Pitman imelegea kwenye meno yake. Kaza nati hiyo kwanza na upime tena kabla ya kuhukumu.

Kisha angalia boksi lenyewe dhidi ya chesisi. Kama boksi zima linasogea, bolti zimelegea au chesisi imepasuka. Sugua tope na oili kwa brashi ya waya uone chuma kitupu, hasa kuzunguka matundu ya bolti na kwenye kona za mabamba yaliyochomelewa. Magari yenye matairi mapana kupita ya kiwandani na yanayopigwa na barabara za changarawe zenye mawimbi ndiyo yanayopasuka hapo. Boksi jipya kwenye chesisi iliyopasuka halitatibu kitu, na ufa unaendelea kukua mpaka boksi ling'oke gari likiwa kwenye mwendo.

Ukimaliza boksi, shuka kwenye drag linki (fimbo inayotoka mkono wa Pitman kwenda upande wa gurudumu), tairodi endi zote na shoki ya usukani. Kwenye HZJ78 na HZJ79 kuna fimbo ya Panhard inayozuia ekseli isiende pembeni. Bushi zake zikiisha, usukani unasukuma ekseli nzima kando kabla ya kugeuza gurudumu, na dereva huapa kuwa ni boksi. Kwenye HZJ75, tazama bushi na pini za springi za bapa, na ukaze yubolti. Mwisho inua gurudumu moja moja, shika juu na chini, tikisa. Likigonga, mwambie msaidizi akanyage breki huku ukitikisa: kugonga kukikoma, bea za gurudumu zimelegea, kukiendelea, ni bea za nako (kiungo cha mwisho wa ekseli ambacho gurudumu hugeukia).

Usukani kutetemeka kwa nguvu ukipita shimo, kiasi cha kulazimika kusimama, karibu kila mara hutokana na bea za nako, tairi zisizo na balansi au fimbo ya Panhard. Kufunga shoki mpya ya usukani hunyamazisha mtetemo kwa muda na kuficha kilicholegea kiendelee kulika.

Usukani ni mzito

Hapa uliza kwanza: mzito wakati gani?

Mzito pande zote mbili, gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga unalainika: hiyo ni pampu iliyochoka, au mkanda unaoteleza kwa magari ambayo pampu yake huendeshwa na mkanda. Mkanda unaoteleza hupiga kelele kali unapofika mwisho wa kona. Mzito upande mmoja tu: hapo boksi limeshitakiwa kwa haki, maana pampu haijui kushoto wala kulia. Sili ya ndani au vali imeharibika. Mwepesi asubuhi na mzito baada ya safari ndefu: oili ikipata moto huwa nyepesi na kupenya mahali palipolika, ama kwenye pampu ama ndani ya boksi. Kutenganisha hayo mawili kunahitaji geji ya presha iliyofungwa kati ya pampu na boksi. Ukifunga koki ya geji na presha ya pampu ikapanda hadi kiwango cha mwongozo wa gari, pampu ni nzima. Ukifungua koki, ukazungusha usukani hadi mwisho, na presha isifike pale ilipofika mwanzo, oili inavuja ndani ya boksi. Koki isifungwe zaidi ya sekunde 10, wala usukani usishikiliwe mwisho wa kona kupita muda huo. Pampu huungua haraka kuliko watu wanavyodhani.

Fundi asiye na geji anacho kipimo kingine kizuri sana. Inua ekseli ya mbele, iweke juu ya stendi mbili, kisha chomoa drag linki kwenye mkono wa Pitman. Sasa boksi na magurudumu vimetengana. Zungusha usukani kwa mkono, kisha shika gurudumu uligeuze kwa mikono kutoka nje. Kama uzito umebaki kwenye usukani, tatizo ni boksi au shafti. Kama usukani ni laini na magurudumu ndiyo magumu kugeuka, bea za nako zimekauka grisi au zimekazwa kupita kiasi, na boksi liache lilipo. Kipimo hiki kinachukua nusu saa na kimeokoa maboksi mengi.

Usisahau upepo wa tairi. Tairi za mbele zenye upepo mdogo hufanya usukani wowote uwe mzito.

Usukani haurudi wenyewe, au unashika mahali fulani

Ukikata kona na usukani ukabaki ulipouacha, washukiwa ni watatu: skrubu ya marekebisho iliyokazwa mno, bea za nako kavu, na krosi iliyoshikwa na kutu. Krosi hujitambulisha kwa tabia moja: ugumu unajirudia mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa usukani. Ukihisi hivyo, fungua krosi, ikunje kwa mkono pande zote mbili. Ikigoma upande wowote, badilisha. Magari ya mwambao, Tanga, Mombasa au Unguja, hupatwa na hili mapema kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Ugumu unaotokea mahali pamoja tu, pale katikati, unaelekeza kwenye skrubu.

Kuhusu skrubu ya marekebisho

Juu ya kifuniko cha boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Ukiikaza, meno ya shafti ya chini yanasogezwa karibu na meno ya nati ya golori. Kwa sababu inaonekana na inafikika, kila anayepita huikaza, na hapo ndipo maboksi mazima huuawa.

Ikiwa umepima na kuona plei iko ndani ya boksi, inaruhusiwa kujaribu, kwa utaratibu huu. Chomoa drag linki. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu kamili. Hapo ndipo katikati ya boksi. Piga alama ya rangi kwenye skrubu na kifuniko. Shikilia skrubu, legeza nati, kaza skrubu si zaidi ya moja ya nane ya mzunguko, funga nati huku skrubu ikiwa imeshikiliwa. Zungusha usukani wote tena. Katikati unapaswa kuhisi mkazo mdogo sana, usio na mkwaruzo. Ukihisi kugoma, rudisha skrubu hadi kwenye alama. Ikiwa plei ya katikati haiishi mpaka pembeni pashike, meno ya katikati yamekwisha na hakuna skrubu itakayoyarudisha. Gari lenye boksi lililokazwa mno haliwezi kujinyoosha baada ya kona. Dereva analazimika kulisahihisha kila wakati, na kwenye utelezi hilo ni jambo la hatari ya kweli.

Oili inavuja

Osha kwanza. Oili hushuka, na upepo wa mwendo huisambaza, kwa hiyo mahali penye oili nyingi si lazima ndipo chanzo. Osha boksi na paipu zake kwa dizeli na brashi, kausha, jaza oili, washa injini, mwambie msaidizi azungushe usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, na uangalie kwa tochi.

Ikitoka juu, kwenye shafti ya kuingilia, ni sili ya juu. Kwenye kifuniko, ni oringi ya kifuniko au ya skrubu. Chini, juu ya mkono wa Pitman, ni sili ya shafti ya chini, na hii ndiyo huvuja zaidi kwa sababu hula tope na maji. Kwenye yunioni za paipu, kaza kwa kiasi kabla ya kubadilisha chochote.

Boksi linalovuja tu, bila plei wala ugumu, lifungwe kiti (seti nzima) ya sili. Kwa sehemu za Toyota namba ya kiti ya boksi huanza na 04445. Lakini kagua uso wa shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji au shimo la kutu, sili mpya itavuja tena ndani ya muda mfupi. Shafti ya chini ikitikisika kwenye nyumba yake unaposukuma mkono wa Pitman juu na chini, bea zake zimekwisha, na hapo kubadilisha boksi ni uamuzi sahihi. Dawa za kuzuia kuvuja hulainisha raba mpaka ivimbe, kisha huioza. Usizitumie. Oili ya breki pia isikaribie mfumo huu kabisa, maana huharibu kila sili iliyomo.

Kununua boksi

Namba ya boksi zima huanza na 44110, ya pampu 44320. Nakili namba ya gari lako kutoka kwenye kibao cha chesisi na uende nayo dukani, maana maboksi ya HZJ75 na HZJ79 hayalingani hata kama kwa macho yanafanana.

Kwa boksi la mtumba, swali la kwanza ni usukani wa gari lilikotoka. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kwa usukani wa kulia, kama Japani. Dubai na nchi zote za Ghuba ni usukani wa kushoto, sawa na Kongo, Rwanda na Burundi. Mtumba mwingi wa Land Cruiser unaofika Kariakoo, Kirinyaga Road au Kisekka hupitia Dubai, na boksi la usukani wa kushoto haliingii kwenye gari la kulia: limegeuzwa, na mkono wake unaelekea upande mwingine. Likilazimishwa kwa kuchomelea mabamba, uendeshaji utakuwa wa kinyume.

Ukiwa dukani, shika shafti ya juu kwa mkono uizungushe yote. Isikike laini kama mafuta, ikiongezeka uzito kidogo sana katikati. Ukihisi chembechembe, golori au njia zake zimekwanguka, liache. Sukuma shafti ya chini pembeni, isitikisike. Angalia kama matundu ya paipu yalizibwa. Boksi lililokaa wazi limeingia vumbi na unyevu. Linganisha meno ya shafti zote mbili na ya kwako, pamoja na urefu wa mkono wa Pitman ikiwa limekuja nao. Mkono mrefu au mfupi hubadilisha uzito wa usukani na kona ya gari.

Nunua pamoja na boksi: oili ya ATF (ile ya gia za otomatiki) Dexron II au III lita 3 (mfumo hushika takriban lita moja, zilizobaki ni za kusafishia), washa mpya za yunioni ikiwa ni za kopa, spliti pini mpya, na hozi ya kurudishia kama imekuwa ngumu au ina nyufa. Vifaa: stendi mbili, soketi kubwa ya nati ya Pitman (pima nati kabla ya kwenda kuazima), pula ya Pitman, spana ya paipu ya kushika nati pande nyingi, spana ya torki na bomba la kurefushia mkono.

Kulitoa

Usiku uliotangulia, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati ya Pitman, bolti za boksi, bolti ya krosi na yunioni za paipu. Kesho yake rudia.

Nyoosha magurudumu. Legeza nati za magurudumu ya mbele, inua, weka stendi chini ya chesisi, tikisa gari ujiridhishe kabla ya kuingia chini. Funga usukani kwa kamba au mkanda wa kiti usizunguke. Kama gari lina airbag kwenye usukani, kufunga huku ni lazima, kwa sababu nyuma ya usukani kuna utepe wa nyaya uliokunjwa na hukatika usukani ukizunguka huru. Toa pia waya hasi wa betri.

Weka beseni, fungua hozi ya kurudisha, acha oili ishuke. Angalia rangi yake. Nyekundu au kahawia nyepesi ni sawa. Nyeusi imeungua na inabeba raba. Yenye kumetameta kama fedha ina chuma ndani yake, na chuma hicho kimetoka kwenye pampu au kwenye boksi. Boksi jipya litakula chuma hicho hicho usiposafisha mfumo mzima. Kama ni maziwa-maziwa, kuna maji au hewa.

Piga alama za tindo au rangi mahali pawili: krosi na shafti ya juu, mkono wa Pitman na shafti ya chini. Bolti ya krosi itoe kabisa, usiilegeze tu, maana hupita kwenye mfereji wa shafti na ndiyo inayoizuia isichomoke. Fungua paipu ya presha kwa spana ya paipu. Spana ya kawaida hukwangua pembe za nati, kisha unabaki na paipu inayotoka kwa kukatwa. Ziba matundu yote kwa plastiki safi.

Chomoa drag linki kwenye mkono wa Pitman. Nati ya Pitman hukazwa kwa nguvu nyingi, na huenda ukahitaji bomba la kurefusha mkono. Ukiitoa, usivute mkono kwa patasi. Funga pula, ikaze hadi ilie, kisha piga nyundo ubavuni mwa jicho la mkono, si kwenye ncha ya shafti. Kipigo kwenye ncha huingia moja kwa moja kwenye meno na bea za boksi, na boksi zima linaweza kuharibika wakati wa kutolewa tu. Mkono ukigoma, uache umevutwa na pula ukae na dawa ya kutu. Mara nyingi hujifungua wenyewe. Kama unaenda kutupa boksi hilo, moto unaruhusiwa kwenye jicho la mkono, lakini si karibu na paipu zenye oili.

Bolti za boksi toa ukiwa na msaidizi ameshika chini, au jeki yenye ubao. Boksi ni zito na likishuka ghafla linavunja vidole. Bolti zilizoshikwa na kutu ndani ya bomba la chesisi zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukizilazimisha zitakatika ndani.

Kulifunga

Kagua chesisi tena sasa ikiwa wazi. Ufa wowote uchomelewe na mchomeleaji anayejua chesisi kabla ya kuendelea.

Boksi jipya liweke katikati kwa kuhesabu mizunguko: zungusha shafti hadi mwisho mmoja, hesabu hadi mwisho mwingine, rudi nusu. Inua, ingiza bolti zote kwa mkono, kisha krosi kwa kufuata alama, usukani ukiwa umenyooka. Bolti ya krosi hukazwa Nm 35 kwenye familia hii ya Land Cruiser. Bolti za boksi kaza kwa mzunguko wa msalaba, kisha mkono wa Pitman kwa alama zake. Nati ya Pitman kwenye Land Cruiser 80 ni Nm 177, na kwa boksi lako chukua namba kutoka mwongozo wa modeli hiyo. Drag linki iungwe na spliti pini mpya. Nati ikishakazwa na tundu la pini halijafika, kaza mbele kidogo hadi lifike, usirudishe nyuma.

Usukani ukiwa hauko sawa baada ya gari kunyooka, nyoosha kwa kurekebisha urefu wa drag linki. Usichomoe usukani na kuugeuza meno. Ukifanya hivyo boksi litakuwa nje ya katikati yake, na utaendesha moja kwa moja juu ya sehemu ya meno iliyolegea.

Kusafisha na kutoa hewa

Usiunge hozi ya kurudisha kwenye kopo la oili ya usukani bado. Ziba mdomo wake kwenye kopo, peleka hozi kwenye chupa, jaza ATF. Magurudumu yakiwa juu, injini imezimwa, msaidizi azungushe usukani mwisho hadi mwisho huku ukiongeza oili bila kuacha kopo likauke, mpaka inayotoka iwe safi. Kichujio cha kopo kioshwe au kibadilishwe. Kikiziba, pampu hunyonya hewa.

Unga hozi. Injini ikiwa bado imezimwa, zungusha usukani taratibu mara 20 hivi hadi vipovu viishe, ukijaza. Ndipo uwashe, bila kukanyaga mafuta, uzungushe mwisho hadi mwisho na kutulia sekunde 2 au 3 kila mwisho. Zima. Oili kwenye kopo ikipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzima injini, hewa bado imo. Subiri itulie na urudie. Anayeharakisha kuwasha injini kabla ya kuzungusha kwa mkono hugeuza oili kuwa povu, na povu huchukua saa nyingi kutoka.

Shida baada ya kufunga

Usukani unazunguka wenyewe injini ikiwashwa, magurudumu yakiwa juu: vali ya boksi haijasawazishwa, rudisha boksi dukani siku hiyohiyo. Usukani ukitulia gari likiwa juu lakini gari likavuta upande mmoja barabarani, angalia upepo wa tairi, breki inayoshika na alaimenti.

Kona ya kushoto ni fupi kuliko ya kulia: mkono wa Pitman umekaa jino moja pembeni, au urefu wa drag linki si sahihi. Rekebisha kabla ya kuendesha. Bolti za kuzuia kona kwenye nako lazima ziguse kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani; vinginevyo kila kona ya mwisho inapiga meno kama nyundo.

Pampu inalia baada ya kazi, ilhali awali ilinyamaza: hewa, au hozi ya kunyonya iliyojikunja au kulegea kwenye klipu. Hozi ya kunyonya haivuji oili nje, huvuta hewa ndani, kwa hiyo usitafute tone. Paka oili kwenye maungio yake injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, umepata mahali.

Plei imebaki ile ile: rudi kwenye kipimo cha vidole na msaidizi, ukianzia krosi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza tena bolti za boksi na nati ya Pitman kwa spana ya torki, tazama kiwango cha oili, na upeleke gari kwenye alaimenti.